Hakuna wa Kuulizwa

Jumatatu, 3 Machi

Kadi thelathini na nane leo. Macho yanawasha. Kazi yangu ukimweleza mtu anacheka — nakaa mezani, naletewa majina ya mahali pasipojulikana, naamua lipi liingie kwenye ensaiklopidia na lipi liondoke. Mimi! Niliyeishia kidato cha nne.

Kanuni ni rahisi. Mahali pakitajwa katika maandishi mawili, panabaki. Pakitajwa katika moja tu, mkaguzi amtafute mtu wa huko, amuulize. Asipopatikana, panaondoka. Chini ya kadi unaandika sababu, unatia sahihi.

Mwanangu Bonge kanikojolea asubuhi nimeshavaa. Nikabadilisha sketi, blauzi nikaiacha, sikuwa na nguvu. Mwalimu — alifundisha jiografia miaka thelathini, sasa tunakaa meza moja — kanusanusa, kasema naona ofisi imeajiri mtu mpya, mdogo mdogo hivi.

Orodha inakwenda kwa mchapaji Jumanne ijayo. Baada ya hapo ni kitabu, na kitabu hakina raba.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi nikamkuta mama mkwe uani anamwogesha Bonge kwenye beseni. Fundi cherehani, jirani yetu, kakaa kwenye ngazi anapiga soga. Mama mkwe anajisifu, tena kwa sauti! Kwamba mkaza mwanawe ndiye anayeandika kile kitabu cha nchi nzima, na kwao kutakuwamo.

Fundi akamchokoza: kwenu wapi, huko kwenye mawe?

"Mawe gani wewe! Matofali! Hospitali nzima ya wilaya imejengwa kwa matofali ya kwetu. Huyu Bonge kazaliwa ndani ya kwetu, hajijui tu."

Wakacheka. Kisha akalitaja jina la kwao.

Nilikuwa nimeshika taulo. Nikabaki nalo mkononi, Bonge anatetemeka, mpaka mama mkwe akaninyang'anya.

Ninalijua lile jina. Kadi namba 212. Nimeliondoa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeitafuta kabatini. Ipo. Mwandiko wangu huo hapo: "Hakuna wa kuulizwa."

Siku yenyewe naikumbuka, mwezi uliopita. Bonge ana homa, mama mkwe kapiga simu mara mbili, mimi nimebakiwa na kadi kumi na moja. Zote nikaziandikia sentensi ileile. Sahihi, sahihi, sahihi — nikakimbia. Sikumtafuta mtu yeyote. Nafika nyumbani, homa imeshashuka, mtoto kalala kifuani kwa yule yule niliyetoka kuandika kwamba hayupo.

Miaka minne ya ndoa. Kila siku anasema kwetu. Kwetu mtoto haachwi alie. Kwetu mgeni haulizwi kama amekula. Kwetu hivi, kwetu vile. Nami naitikia ndiyo mama, ee mama, huku nakunja nguo. Sijawahi kumuuliza kwenu kunaitwaje. Hata siku moja! Majina ya watu baki nayachambua kama mchele, la kwao mama aliyemzaa mume wangu silijui.

Nimemuuliza baba Bonge kama yeye analijua. Kasema analijua, kwani vipi? Nikasema basi tu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikusema. Chakula hakipiti. Mama mkwe kaniuliza kwa upole kama ni mimba nyingine. Mungu wangu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema.

Nimeingia kwa mhariri mkuu na kadi mkononi. Kanisikiliza mpaka mwisho, hajakatiza.

"Mama mkwe wako. Mnaishi nyumba moja?"

Ndiyo.

"Na ukaandika hakuna wa kuulizwa." Hili hakuliuliza. Alilisoma tu.

Mwalimu akadakia kutoka mlangoni: shahidi anamwogeshea mtoto, mkaguzi anamtafuta kwenye ramani! Alitaka kunipunguzia aibu. Haikupungua.

Jina likishaondolewa lina njia moja ya kurudi. Mtu wa huko aeleze, niandike maneno yake nyuma ya kadi. Kisha asome sababu niliyoandika mwanzo, au asomewe, ndipo atie sahihi yake chini ya yangu. Iwe mezani Jumatatu saa tatu asubuhi. Ikichelewa, basi.

Nikauliza kama haiwezekani kuandika kadi mpya. Safi.

"Mpya? Ili nani asijue?"

Nilikuwa na jambo la pili, na nisingeweza kulala nalo: siku ile kadi zilikuwa kumi na moja. Akaweka kalamu chini. Zile kumi amempa Mwalimu, agawane na wakaguzi wengine, wapige simu mpaka jioni. Sehemu kumi zisizo na mtu uani kwangu wa kuzisemea. Mwalimu kazipokea bila utani. Afadhali angetania.

Jumapili, 9 Machi

Mchana. Baba Bonge katoka. Nikamwambia mama mkwe, nieleze kwenu, ofisi inataka. Ungemwona! Kaenda kubadilisha gauni kwanza, kana kwamba kadi ina macho.

Nyumba thelathini na sita. Alizihesabu kwa vidole, kwa majina ya wenyewe. Tanuri tatu. Visima viwili, kimoja cha kunywa, kimoja cha maji machungu, cha kukandia udongo. Watoto waligeuza matofali juani kabla ya kwenda shule, na kila mtoto alibonyeza kidole gumba pembeni mwa tofali lake ili ajulikane kafanya kazi. Kasema: "Wodi ya wazazi, ukuta wa upande wa dirisha, nenda katazame. Changu kipo."

Ukuta ule haujapigwa plasta. Niliuegemea usiku kucha siku ya uchungu. Niliuparura kwa kucha.

Nikaandika yote, nyuma ya kadi ikajaa. Likabaki la mbele.

Niseme kweli, humu hakuna anayesoma. Niliikunja kadi katikati. Mwandiko wangu ukaingia ndani, nafasi ya sahihi ikabaki nje. Angetia tu. Asingeuliza, kwangu huwa haulizi. Nikaiangalia vile ilivyokunjika. Nikaikunjua, nikaisawazisha kwa kiganja, na mkunjo haukutoka.

Akaichukua mwenyewe. Jina liko juu kwa herufi kubwa, hilo analisoma bila miwani. Akalipitishia kidole, taratibu, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akaona mstari mdogo chini.

"Na hapa wameandikaje? Mbona kama mkono wako?"

Nikasema ni wangu.

"Ee! Basi nisomee, mwanangu. Ngoja — usisome kwanza! Nimwite fundi asikie, yule na mawe yake!"

Bonge akalia. Nikasema nimnyonyeshe kwanza.

Niko chumbani. Naandika kwa mkono mmoja, daftari juu ya goti. Kadi nimeiacha kule kule mezani, sikuichukua — angalau hilo. Nawasikia. Kiti kinavutwa. Fundi anasema haya, tumeshakaa, kikao kianze! Mama mkwe anamwambia atulie, mtoto ashibe, kwetu mwenye kunyonyesha haharakishwi.

Bonge kaachia ziwa kitambo. Kalala, mdomo wazi.

Mama mkwe anaita: "Mwanangu, bado ananyonya?"

Nimejibu bado.