Tata Ametupa Wafalme Wawili

Nyamache. Jumapili, Mei 1973.

Mvua ya mawe imepiga tangu saa nane, na majani ya migomba nyuma ya nyumba yangu hapa shuleni yamechanika yote. Nimefika kutoka Birongo, kwa wazazi, nimelowa hadi soksi. Sijabadilisha nguo. Nimekaa tu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama hukisoma kwa shida, na sitaki ayasome haya.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, alipatwa na kiharusi mwezi wa kwanza akiwa shambani anachuma chai. Mkono wa kulia umekufa, na ulimi pia. Kila Jumapili naendesha baiskeli kwenda kumwona. Nakaa kando ya kitanda, namweleza habari za shule, na yeye ananitazama. Nikiri hapa: nilianza kuziogopa Jumapili hizo. Kuongea na mtu asiyeweza kukujibu kunachosha kuliko kulima.

Shuleni tuna mwalimu wa hisabati, Mmarekani, anaitwa Tom. Saa kumi, vipindi vikiisha, hutufundisha karata katika chumba cha walimu. Si zile tulizozoea. Kila mtu anapewa mbili, anazificha. Kisha tatu zinafunuliwa mezani, na hizo ni za wote. Baadaye inafunuliwa ya nne, halafu ya tano. Unachanganya zako na za mezani, unatafuta tano zilizo bora. Kila hatua unaweka dau, kwetu ni punje za mahindi, au unagonga meza kupitisha zamu, au unatupa karata zako na kutoka.

Hilo la kugonga meza ndilo lililonishika. Mchezo mzima unaweza kuchezwa bila neno hata moja.

Tata aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba kule vitani Burma walicheza karata chini ya turubai mvua ikinyesha. Aliporudi akabatizwa, akawa shemasi, na karata hazikutajwa tena nyumbani kwetu.

Nilikuwa mwanafunzi mbovu. Wiki mbili nzima mahindi yangu yaliishia kwa wenzangu. Nikipata karata mbili zozote nilibaki nazo hadi mwisho, nikingoja muujiza wa ile ya tano.

"Mwalimu Nyangau," Tom aliniambia, "wewe unaoa kila karata unayoiona."

Walimu walicheka. Nikacheka nao, nikaendelea kupoteza, nikaendelea kujifunza.

Majuma mawili yaliyopita nilizibeba karata hizo katika mfuko wa madaftari. Mama alikuwa amekwenda mtoni. Nilimwekea Tata ubao juu ya mapaja, nikamweleza sheria mara moja. Mara moja tu! Aliinua ncha za karata kwa mkono wa kushoto, akachungulia, akagonga ubao kama mtu aliyecheza jana. Mchezo wa tatu alisukuma punje zake zote katikati. Niliogopa, nikatupa malkia wangu wawili. Akafunua zake: mbili na saba. Hakuwa na kitu. Alikuwa amenidanganya.

Akacheka. Nusu ya mdomo tu ndiyo iliyocheka, kwa sauti kama ya kukohoa, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu augue. Siku ile nilipanda kilima chote bila kushuka kwenye baiskeli.

Leo niliingia kwa haraka. Nikagawa. Akachungulia, akatupa. Nikagawa tena. Akatupa. Mara sita, mara saba, hata kabla sijafunua zile tatu za mezani. Nilidhani anapata mbovu tu. Mara ya nane hakuzitupa kifudifudi. Alizigeuza kwanza, nizione.

Wafalme wawili.

Hakuna anayetupa wafalme wawili, na Tata anaujua mchezo huu kunishinda.

"Tata, hizi ni nzuri," nikasema, nikazirudisha mbele yake. "Angalia tena."

Alizisukuma kwa kidole, taratibu, mpaka zikaanguka sakafuni. Kisha akafumba macho.

Nilipoinama kuziokota nikamwona Mama mlangoni, ameshika kikombe cha uji. Nilingoja anifukuze. Aliokota karata moja, akaifuta matope kwa leso yake, akanirudishia.

"Ulifikiri sijui?" akasema. "Nilimsikia akicheka siku ile. Nilikaa nje makusudi."

Nikazikusanya karata zote, nikazitia mfukoni.

"Tangu Jumatano hamezi kitu, Nyangau. Vidonge anavitema. Uji nikileta anakaza meno. Nikasema, acha mwanangu aje na karata zake, labda baba yako atarudi kwetu."

Aliongea kama mtu anayeomba msamaha. Mama yangu, ambaye siku ya Sabato hata redio haifungui, alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye karata za Mmarekani.

Tulimwinua, tukajaribu kijiko. Uji ukatiririka kidevuni. Mama akaupangusa, akajaribu tena, na tena, akimwita kwa jina la ujana wake ambalo sikuwahi kulisikia. Nilipoaga, Tata hakufumbua macho. Najua hakuwa amelala.

Kesho asubuhi nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nitafute gari la kumpeleka hospitalini Kisii. Watampitishia mpira puani, wamlishe kwa huo. Nitawaambia wafanye hivyo. Nimeshaamua, na ninajichukia kwa kuamua.

Angeweza kuzificha zile karata, na mimi nisingejua kamwe. Alitaka nijue kwamba anatoka kwa hiari yake.

Njia nzima hadi Kisii kichwa chake kitakuwa mapajani pangu. Nitamtazamaje, nikijifanya sikuona?