Meno ya Chupani

Jumatatu, 4 Agosti

Kisindano cha kusafishia mzizi wa jino kimekatikia ndani tena. Gego zuri limeharibika. Nimebadilisha maji ya chupa, nimeirudisha chini ya nguo. Meno haya yaliyong'olewa niliyaomba kliniki hadi kliniki mwaka mzima, ya kufanyia mazoezi. Mtihani wa marudio chuoni ni Jumatatu ijayo, na bila meno halisi hufanyi. Mkono unatetemeka hata nikishika kikombe. Mwalimu alisema mbele ya mgonjwa kwamba mkono huu ungefaa jembe. Mgonjwa alicheka, mdomo wazi, pamba ndani.

Hapa nyumbani Garsen ni joto. Mama anawatangazia watu daktari amerudi.

Jumatano, 6 Agosti

Mama kaniletea mgonjwa. Nyanya wa Kiorma anayemuuzia maziwa, shavu limevimba. Alikaa mkekani akafungua mdomo bila kuambiwa. Ningeweza angalau kutazama. Nikasema sina vifaa, nikaingia ndani. Nilimsikia Mama akiniombea radhi.

Namchukia yule mwalimu. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikulala. Sili. Mama anasema ni jicho la watu. Rafiki yangu wa darasani kaniuliza kwa simu naendeleaje. Nimemjibu: niko fiti.

Ijumaa, 8 Agosti

Wanaume walipokwenda msikitini nilishuka mtoni. Nilisimama mahali ambapo hata wachota maji hawasimami, kwa sababu ya mamba. Nilijua wapo. Sikujali. Hilo ndilo linalonitisha sasa ninapoandika, kwamba sikujali kabisa.

Mama alinikuta huko. Hakugomba. Alinishika mkono hadi nyumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Chupa haipo. Mama ameyazika meno yote nyuma ya jiko, ndani ya kitambaa cheupe, na wenye meno hayo amewaombea dua.

"Unalala na viungo vya watu," alisema. "Usingizi utaupata wapi?"

Nilimpigia kelele. Sijawahi maishani. Nilimwambia ameniua. Akaniletea jembe, akasema nifukue mwenyewe kama nitaweza. Nilichimba kidogo tu, ncha ya kitambaa ikatokea. Alikuwa amekikunja kwa adabu, kama anavyokunja sanda. Nikakaa kwenye majivu pale pale. Nikamwambia yote: mkono, mwalimu, usingizi, kilichonipeleka mtoni.

Si meno, Mama. Ni mimi.

Alilia kwa sauti hadi majirani wakasikia. Kisha akachukua jembe akafukia. Basi la jioni la kunirudisha chuoni limeondoka bila mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa hizi wenzangu wako kwenye mtihani. Nawaza mikono yao.

Nyanya wa maziwa alirudi asubuhi, shavu bado limevimba. Nilijificha nyuma ya pazia. Mama alimwambia pale mlangoni, bila kunong'ona, jirani akifagia karibu: "Daktari wetu naye anaumwa. Twende hospitali sote."

Niliona aibu, kisha aibu ikachoka.

Tumekaa benchi moja hospitalini, nyanya katikati. Amenitazama mdomo mzima, jino kwa jino, akaona mazima yote. "Wewe naumwa wapi?" akauliza. Nimeshindwa pa kuonyesha. Akasogea kidogo niegemee ukuta.

Bado hatujaitwa.