Malkia Hajambo

Guangzhou, China
Jumapili, Aprili 1998

Dada yangu Tausi,

Shikamoo dada. Shemeji naye mpe shikamoo yake, na wanao nibusie wote, hata yule anayeng'ata.

Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, kikohozi cha baridi kimeniacha. Hofu iko kwenu mlio mbali. Dada, maneno haya tunayaandika tangu tulipofundishwa barua shuleni, na sidhani kama kuna siku niliyaandika nikiwa na hofu kweli. Leo ninayo. Nimeyaandika, nikaweka kalamu chini, nikayasoma tena, nikaona hayo ndiyo barua yenyewe na yaliyobaki ni maelezo tu.

Ama baada ya salamu, niache nianze na wadudu. Nikianza na lililo moyoni nitaichana karatasi hii kama nilivyochana mbili za jana.

Mama alipoambiwa ninachosoma huku alisema, na wewe ukaandika hivyo hivyo: "Mwambie Zaituni, kavuka bahari kwenda kusomea sisimizi, hapa Tabora wamekwisha?" Nilicheka mpaka Wachina wa bwenini wakaja kuchungulia. Basi ndio hao. Si wa kwetu wala si wa Uchina, wametoka Amerika ya Kusini, mwalimu wetu mmoja akawaleta chuoni kwa kibali. Wanafungiwa chumba chenye milango miwili, na kila sanduku limesimama ndani ya beseni la maji ya sabuni, kwa sababu wakitoroka watamaliza michungwa ya mkoa mzima. Mimi nimewabatiza wakata-majani.

Ukiwatazama utadhani wanakula majani. Hawali. Mmoja anasimama ukingoni mwa jani la mpera, analikata nusu duara kwa taya, kisha anakibeba kipande juu ya kichwa kama mwamvuli na kushika njia. Juu ya kipande hicho anapanda mwingine mdogo, kama punje ya ulezi, kazi yake ulinzi, maana kwao kuna nzi wanaotaga mayai mwilini mwa mwenye mzigo, na mwenye mzigo hana nafasi ya kujitetea. Hapa nzi hao hawapo, lakini kale kadogo kanapanda vilevile, kamekaa juu kama bwana harusi. Ndani majani yanatafunwa mpaka yanakuwa kama kisamvu kilichotwangwa, wanayapandikizia ukungu mweupe, na ukungu huo ndio chakula chao na cha watoto wao. Ni wakulima, dada. Wanapalilia, wanatia samadi yao wenyewe, na ukungu mwingine wa balaa ukiota wanaung'oa na kwenda kuutupa. Hata jalala wanalo, na wanaofanya kazi ya taka wengi ni wazee, ambao hawarudi tena shambani wasije wakaleta ugonjwa. Kumbuka mchwa wa kwetu na ule uyoga mkubwa unaotoka kwenye kichuguu mvua zikianza, mama anatuamsha tuwahi kabla jirani hajauona. Ni kilimo kilekile, ukoo tu ndio tofauti.

Na wote hao, maelfu kwa maelfu, ni watoto wa mama mmoja, ndiye malkia. Siku anaporuka kutoka kwao kwenda kuolewa anaondoka na kidonge cha ukungu wa nyumbani mdomoni. Akitua anajikata mabawa, anachimba shimo, anakitema kile kidonge na kuanza shamba. Siku ya ndoa ni ile moja tu, na kwa ndoa hiyo anataga miaka kumi na zaidi. Akifa hakuna wa kumrithi.

Anayewatunza ni mzee mmoja anaitwa Liang. Hapa mtu wa ufundi huitwa shifu, kama sisi tunavyosema fundi, basi mimi namwita Shifu tu. Shahada hana, lakini walimu wenye shahada humuuliza yeye. Ndiye aliyenifundisha kuosha kila jani, kwa sababu watunza bustani wa chuo wanapiga dawa. Ndiye aliyenifundisha kunusa shamba, kwamba likiwa zima linatoa harufu ya udongo uliopata mvua. Mke alikufa zamani, mtoto hana. Baada ya sikukuu ya mwaka mpya wao alianza kukohoa damu, wakamlaza, wakamkata kipande cha pafu. Siku anapelekwa alinipa funguo za chumba akaniambia, "Mtunze malkia, wengine watajitunza."

Mwezi wa tatu hapa hewa inalowa mpaka kuta zinatoka jasho na viatu vinaota ukungu kabatini. Asubuhi moja niliwaona wamemzunguka malkia, wanamlamba, wanamgeuza huku na huku. Nikaona ni kawaida yao, nikaenda darasani. Siku ya tatu nilikikuta kichwa chake jalalani.

Nilikaa sakafuni, dada. Wengine wote walikuwa kazini, na hicho ndicho kilichonitisha. Majani yanakatwa, kadogo kako juu ya mzigo, shamba linapaliliwa. Mgeni angeingia mle angesema nyumba hii ina heri. Nilipomwambia mwalimu akasema wataendelea hivyo miezi kadhaa mpaka waliopo wachoke na kufa mmoja mmoja, maana mayai hakuna tena. Wengine watajaribu kutaga, akasema, lakini mayai yao hutoa madume, na dume la sisimizi hawa halishiki jembe. Tuendelee kuwalisha, tuandike tunachokiona. Kuhusu kumwambia Shifu, aliniachia mimi niamue.

Nami nikaamua kama wanavyoamua watu wenye huruma. Nilikwenda hospitali na machungwa yangu. Shifu akauliza, "Malkia hajambo?" Nikasema hajambo Shifu, anataga vizuri sana, jana tu nimewaona wakibeba mayai, meupe, mengi, sijapata kuona. Nilisema mengi mno. Kila Jumapili hivyo hivyo, na kila Jumapili mayai yaliongezeka.

Sasa nitoke kwenye wadudu.

Barua zako tatu za mwisho ziko hapa mezani. Zote zinasema, "Mama anakusalimu sana." Tausi, tangu lini? Mama hajui kusoma lakini anajua kumwamrisha anayeandika. Kila barua yake ilikuja na gomvi langu ndani, nimekonda kwenye picha, nywele zangu kama kiota, nani kaniruhusu kula chura, na mwishoni kabisa, "Andika hivyo hivyo, usimtengenezee." Hizi tatu hazina hata neno moja la kuniudhi. Ya kwanza, ya Januari, inasema goti linamuuma hatoki nje. Nikapiga simu dukani kwa shemeji, akaniambia mama kaenda Urambo kwa ma'mkubwa. Kwa goti gani? Nikajipoza kwamba ni hizi mvua za elnino, reli imekatika, barua zinachelewa, habari zinapishana njiani. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wiki iliyopita nikasikia Bi Rehema, yule jirani yetu wa karibu na soko, kafika huku kununua nguo za duka lake. Nikamfuata Zhanqian Lu, kwenye maduka ya jumla mbele ya stesheni ya treni. Nilimkuta anapigania suruali za watoto, mwenye duka anapiga kelele, "Bu xing, bu xing," yaani haiwezekani, naye anamjibu kwa Kiswahili safi, "Inawezekana baba, inawezekana, we jaribu." Nikacheka kwa nguvu. Akageuka, akaniona, uso ukamshuka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu," akasema.

Akaziangalia zile suruali. Kisha akasema, "Pole na masomo."

Najua utaniambia nini. Sisi tunampa pole hata aliyebeba ndoo. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua. Lakini kati ya ile pole na yale masomo palikuwa na nafasi ya kupita mtu. Nikamuuliza, "Bi Rehema, mama umemwona?"

"He! Mama yako hajambo kabisa! Kanenepa, anakusalimu sana, juzi tu nimemwona uani anapepeta mpunga, anacheka, anaimba."

Alisema yote hayo huku anakunja suruali ambazo hajazinunua. Mama mwenye goti, mama aliyeko Urambo, anapepeta mpunga Tabora, na anaimba. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ya hospitali. Mimi niliyembishia mwalimu wa hesabu mbele ya mkuu wa shule nilishindwa kumuuliza yule mama swali la pili. Nikamsaidia kubeba mzigo hadi kwenye teksi, tukazungumza habari za bei za vitenge.

Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa mlinzi wa bweni akiita jina langu kwamba kuna simu, na asipoita naogopa zaidi. Naogopa bahasha yenye mwandiko wako, mimi niliyekuwa nazifungua kwa meno nikiwa bado ngazini. Nikicheka na wenzangu najishika, nisije nikawa nacheka huku nyumbani mmenyoa nywele. Na aibu nyingine nikwambie, usiku na mchana najaribu kukumbuka nilifanya nini mwezi wa Desemba, kabla barua zako hazijabadilika, siku baada ya siku, nione kama kuna siku niliyoshtuka bila sababu. Siioni. Nilikuwa naosha majani tu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Shifu kama kawaida. Anaweza kukaa sasa, wamemwekea mito miwili. Nilingoja aniulize, "Malkia hajambo?" Hakuuliza. Alisema, "Lete mkono." Nikadhani anataka kunishukuru. Akaunusa, kiganja na mkono wa shati, maana nilitoka chumbani kwa wadudu moja kwa moja.

"Shamba limechacha," akasema. "Kafa lini?"

Nikamtajia siku. Akahesabu kwa vidole, akapata Jumapili nne. Kichina changu chote kilinipotea, nikawa naokota maneno huku nalia, nikamwambia, "Shifu, niliogopea pafu lako."

Akajibu polepole, kwa sababu pumzi bado inamkatika: "Ile Jumapili ya kwanza ulivyoyasifu mayai nilijua kuna jambo. Mimi kuogopa nilikuwa naogopa. Wewe uliniacha niogope peke yangu."

Hakunifukuza wala hakunigombeza. Alichukua chungwa moja nililoleta, akalimenya kwa kidole gumba, nusu akanipa. Lakini machungwa mengine yote aliniambia nirudi nayo.

Nimetoka hospitali kwa miguu, mwendo wa saa nzima, nikaja kuandika.

Tausi dada yangu, sikulaumu. Najua mnachosemezana hapo nyumbani. Mtihani wake ni mwezi wa sita. Nauli hana, kuzika hawezi kuwahi, hata akiambiwa atafanya nini, atalia ugenini nani wa kumshika? Mwacheni amalize, akirudi tutamkalisha. Nayajua maneno hayo kwa sababu ndiyo niliyojiambia mwenyewe nje ya mlango wa wodi. Ni huruma, sikatai. Ila mnadhani mmenificha, kumbe mmeniacha mlangoni, msiba ninausikia na kuingia siwezi.

Kama nimekosea, kama mama yupo na goti lake, basi nisamehe kwa kumchuria mzazi wangu. Mpe nafasi anitukane ukurasa mzima, na usimpunguzie hata neno. Nitafurahi kuitwa mjinga mpaka nizeeke.

Kama sikukosea, niambie. Mtihani nitaufanya, nakuahidi, kwa lolote utakaloandika nitaufanya. Nakuomba uniambie nani alimwosha, nani alikuwepo, na alisema nini kunihusu, hata kama lilikuwa baya.

Barua hii simpi Bi Rehema, naipeleka posta kesho mwenyewe. Usimgombeze. Alijitahidi.

Nisalimie shemeji, mwambie simnunii kwa ile habari ya Urambo, ila uongo haumfai, sauti ilikuwa inamtetemeka mpaka nikadhani ni waya. Nisalimie ma'mkubwa huko Urambo, akiwa na mgeni au akiwa peke yake. Nisalimie baba mdogo fundi cherehani, gauni lake bado linanikaa. Wanao waambie mama yao mdogo atawaletea penseli zenye vifutio vya umbo la sungura.

Na mama. Barua hii msomee mama, yote, na hao wadudu wake, usimrukie hata mstari. Msomee popote alipo. Kisha uniandikie jambo moja tu, kwamba wakati unamsomea ulikuwa umekaa wapi.

Ni mimi mdogo wako ninayekungoja,

Zaituni