Babu Fimbo na Maneno ya Mtani

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Jenereta limewaka kwa mvuto wa nne. Vumbi. Nimefuta runinga zote mbili za kibanda changu cha gemu kwa kanga kuukuu ya mke wangu. Vijana walikuwa mlangoni kabla sijamaliza chai. Utingo wa lori la Mwanza kaniletea CD niliyomwagiza Dar. Gemu la Babu Fimbo, sehemu ya pili. Tumeisubiri mwaka mzima.

Hapa Shelui nani hamjui Babu Fimbo? Kizee cha ndevu nyeupe, kinatandika watu kumi kwa fimbo moja. Nina miaka arobaini na nane, na hakuna kijana aliyewahi kunifunga nikimchukua Babu. Mpaka wameniita jina hilo. Nalipenda.

Tukaiweka. Hujagusa hata kitufe, Babu anauawa. Anayemuua ni mwanafunzi wake mwenyewe, msichana anayeitwa Binti. Halafu gemu zima unacheza ukiwa Binti. Vijana wakainuka benchini. Kisha kelele.

Alhamisi, 9 Agosti
Kambi mbili sasa. Wa Babu wanasema gemu limeharibiwa. Wa Binti wanasema ndiyo limekuwa gemu. Hawakai tena benchi moja.

Nimejaribu kucheza nikiwa Binti. Vidole vizito. Nimefungwa mara saba.

Kinara wa Binti ni Masanja, fundi pancha wa pale wanapolala malori. Yeye Msukuma, mimi Mnyiramba, kwa hiyo ni mtani wangu. Kila asubuhi ananisalimia, "We mla mlenda, bado hujafa?" Namjibu nangoja nimzike yeye kwanza. Leo kasema mbele ya wote:

"Mtani, Babu wako alimuua baba yake Binti. Yule wa kofia nyekundu, sehemu ya kwanza. Na aliyekuwa anabonyeza nani? Si wewe?"

Wakacheka. Ni kweli, ndiyo maana imeniuma. Nilipopunguzwa kazi ghalani, shirika lilipouzwa, walisema nao kwamba zamani imepita, kama hawa wanavyosema juu ya Babu. Sikutaka kuambiwa tena, tena ndani ya kibanda changu.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimeificha CD. Naandika hivyo hivyo. Iko kwenye gunia la alizeti chumbani, katikati ya mbegu. Nimewaambia imeibiwa.

Nilidhani watarudi kwa Babu, basi yaishe. Hawakurudi. Wanashutumiana.

Jumapili, 12 Agosti
Vijana wamefanya msiba wa CD. Boksi tupu wamelifunika kanga, wanalia kwa zamu. Masanja akaja kama mtani anavyokuja msibani. Akalala mlangoni kwangu, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Nikampa soda. Akasimama nayo, akapaza sauti:

"Msilie! Nimeiiba mimi! Nimeila na ugali. Na Babu wenu nilimtafuna juzi, nyama ngumu kama ya huyu mtani wangu!"

Nilicheka mpaka machozi. Mwizi mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Jumanne, 14 Agosti
Siku mbaya.

Asubuhi kambi mbili zimepigana ngumi nje ya kibanda. Kijana mmoja kang'olewa jino. Sungusungu wakaita baraza jioni hiyo hiyo. Kamanda wao akaniuliza namshuku nani. Ningeweza kusema sijui. Nikasema Masanja amekiri kwa kinywa chake, watu wakisikia.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Huo si utani, jamani?" Kila mtu anajua maneno ya mtani hayapelekwi barazani. Hata mtoto anajua. Kamanda akanigeukia mimi. Anayetaniwa ndiye anayesema kama ni utani au siyo. Nikajibu haukuwa utani. Nikasema sikucheka.

Watu walioniona nikicheka walikuwepo. Wakatazama chini. Mimi mkubwa kwao, na Masanja ni wa kuja.

Masanja hakubisha. Aliuliza tu, "Mtani, umeyaleta huku?"

Amepewa mpaka Jumapili airudishe CD. Asiporudisha anatengwa. Hauziwi kitu, hasalimiwi, mpaka ahame na familia yake.

Alhamisi, 16 Agosti
Hata Jumapili haijafika, watu wameshaanza kumtenga. Dereva alisimama kwake na tairi, akanong'onezwa, akaondoka. Masanja kakaa juu ya ringi, mikono safi. Sijawahi kumwona na mikono safi.

Mke wake kaenda bombani, wakamwambia asubiri wenzake wamalize. Kila aliyefika alikuwa mwenzake. Karudi na ndoo tupu.

Nimepita mbele ya Masanja makusudi. Hajanitukana.

Ijumaa, 17 Agosti
Mke wangu kauliza alizeti itaenda kukamuliwa lini, mafuta yamekwisha. Nimemfokea bure. Kanitazama, kaenda zake.

Mimi ni muoga. Kumpoteza Babu Fimbo ni mchezo, kuna kitufe unaanza upya. Huyu ana watoto watatu.

Sijagusa chakula. Nikifumba macho namwona yule wa kofia nyekundu anavyoanguka. Nimemwangusha mara ngapi? Sikuwahi hata kujiuliza ana mtoto.

Jumapili, 19 Agosti
Nimefunga gunia kwenye baiskeli, nimelisukuma mpaka barazani. Sikuweza kuanza na maneno. Nimelimwaga pale chini, mbele ya kamanda. CD ikatoka na mbegu.

Kisha nikasema yote. Kwamba niliificha mimi. Kwamba ulikuwa utani na nilicheka. Kwamba nilijua.

Nimetozwa mbuzi wawili kwa Masanja, na mmoja kwa kijana wa jino. Kuku wa watu walikuwa wanakula alizeti, hakuna aliyewafukuza.

Nilimwendea Masanja nikampa mkono. Kaupokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Nikafikiri amenisamehe.

Mke wangu aliokota mbegu zilizobaki.

Jumatano, 29 Agosti
Upepo umepungua. Runinga moja sehemu ya kwanza, nyingine sehemu ya pili. Wanabishana kama kawaida, ila benchi wamelirudisha moja. Hakuna anayeniita Babu Fimbo. Wananiita mwenye gemu.

Baiskeli imepata pancha. Ya kweli. Nimeisukuma hadi kwa Masanja. Malori mawili yalikuwa foleni, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikafurahi. Nilikuwa nimeandaa jibu njiani. Akisema mla mlenda, nitamwambia nimekuja kupima kaburi lake.

Aliponiona akaweka chini spana. Akasimama wima, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

Nikasubiri tusi la utani. Hakuongeza.

"Marahaba," nikasema.

Akaziba pancha vizuri, akajaza upepo, akaniambia karibu tena mzee. Nimerudi nyumbani naisukuma, ingawa ilikuwa nzima.