Baba Yako na Baiskeli Isiyokwenda Popote

Kibanda cha Fundi Viatu,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Kwa heshima na taadhima natangaza, kwako na kwa yeyote anayekuchungulia begani ukisoma, kwamba baba yako mzazi amevaa kaptula. Si ndani ya nyumba. Barabarani, mchana, watu wakipita.

Sasa pumua, tusalimiane. Hujambo, mwanangu? Mwili u mzima, kazi inakwenda, baridi ya huko imepunguza makali? Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto, ambalo halijawahi kuwa na jibu zuri. Mama yako ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Najua ukimpigia baba yako simu na kumuuliza hali, husema "salama" akampa mama yako simu. Mimi mdogo wake sina adabu hiyo. Macho yake yamezidi kuharibika. Ni mtoto wa jicho, kote kuwili. Daktari anasema kumtoa ni kazi ndogo, lakini hatagusa kitu mpaka presha ishuke, na presha ya baba yako ilikuwa imepanda ikakaa huko juu kama mpangaji asiyetaka kuhama. Tangu aache kuendesha lori alikuwa havuki kizingiti. Daktari akasema afanye mazoezi, atembee. Atembee wapi, mtu anayesalimia nguzo ya umeme akidhani ni jirani?

Ndipo nikakumbuka darasa la baiskeli. Juu ya duka la rangi, hatua chache kutoka kibandani kwangu, wamefungua ukumbi wenye baiskeli zilizokazwa sakafuni. Muziki unapigwa, mwalimu anapaza sauti, watu wanaloa jasho, na mwisho kila mmoja anashukia palepale alipopandia. Habari zake nilizijua kwa sababu wateja huniletea viatu vilivyochanika upande mmoja, pale ukanda wa pedeli unapobana. Baada ya kuvishona vingi nikajisemea: hii ndiyo baiskeli ya kaka yangu.

Alikataa. Mtu aliyepandisha saruji milimani, akasema, hawezi kwenda kukalia baiskeli ya maonyesho. Mama yako hakubishana. Alinunua kaptula, akaitandaza kitandani, akaenda zake sokoni. Ukimya wa mama yako unaujua.

Siku ya kwanza nilimsindikiza kama utingo wake. Mwalimu ni binti wa rika lako, mwembamba, mwenye sauti ya mnadani. Alipandisha kiti kikalingana na nyonga ya mzee, akamwekea maji karibu, akamwonyesha kidude cha kuzungusha chini ya usukani: ukikikaza miguu inakuwa mizito, ukikilegeza inakuwa myepesi. Akamwambia asisimame kwenye pedeli siku ya kwanza, na akisikia kizunguzungu apumzike bila kuona haya. Kuhusu kiti chenyewe sitasema mengi. Mimi ni fundi wa ngozi. Kina upana wa ulimi wa kiatu.

Taabu ilianza kwenye mteremko. Mwalimu akiita mlima, wote wanakaza. Akiita mteremko, wote wanalegeza na kuzungusha miguu kama feni. Baba yako hakulegeza. Shingo imemkakamaa, meno ameyauma, anashuka polepole jasho likimdondoka. Kumbe anafuata sheria ya malori: mteremko hushukwa kwa gia ileile uliyopandia, ukilegeza umekwisha.

Kwenye baiskeli ya jirani kulikuwa na mama muuza mikate, mwenye kicheko kinachojaza ukumbi. Akamuuliza, "Dereva, mteremko wako una matope?" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, sitakuficha.

Baba yako akashuka. Akaenda kwenye benchi, akawa anatafuta viatu vyake kwa kupapasa, na vilikuwa mbele yake. Hapo mwalimu akaelewa. Akazima muziki, akaja akachuchumaa. Na baba yako, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akamweleza kilichomtoa kwenye lori. Sote tulidhani amechoka, hata mama yako. Kumbe siku moja aliona gunia katikati ya barabara, akapunguza mwendo alikwepe, na gunia likainuka likavuka. Alikuwa mtu ameinama kuokota mzigo wake. Akazima injini palepale, hakushika usukani tena.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikitembea naogopa, nikikaa naogopa."

Mwalimu akamwambia, "Mzee wangu, humu hamna barabara. Hata ukitaka, hutamgonga mtu."

 Baba yako akauliza kama ataruhusiwa kushuka mteremko anavyojua yeye. Akaruhusiwa, mradi anyooshe mgongo.

Tangu hapo hakosi. Muuza mikate ndiye anayemshika mkono kwenye ngazi, na mlima ukiitwa utamsikia akitangaza, "Kaeni kando, lori linapita." Mimi nilijaribu mara moja, nikatembea kama bata wiki nzima.

Jumatatu daktari alimpima, hakuamini, akahamia mkono wa pili. Presha imeshuka. Jicho la kulia litafanyiwa kazi mwezi ujao, la kushoto litafuata. Tulipopeleka habari ukumbini, mwalimu aligeukia ukutani akijifanya anarekebisha spika. Nami nimekuwa mhubiri wa baiskeli. Hakuna mteja anayetoka na kiatu chake kabla ya kusikia muujiza huu.

Wanakusalimu wote: shangazi yako mshonaji, binamu yako Kifaru na wanawe, na baba yako mwenyewe, anayekwambia "salama". Msalimie mumeo, na umbusu mjukuu wetu kisogoni. Mungu akufungulie njia, na pale usipoiona hatari, akukanyagie breki Yeye.

Ni mimi, anayekuwaza sindano ikiwa mkononi na kukupenda siku zote,
Baba yako mdogo,
Fundi.

Nimesahau: nimemsomea mama yako barua hii kabla sijaifunga. Anasema niongeze kwamba mwezi uleule aliokwenda darasani, baba yako alianza pia kumeza vidonge vyake vya presha.