Mbuzi Niliyemfungua Kabla ya Mbio

Chantilly,
Oktoba 4, 2022.

Mpendwa mdogo wangu Anselme,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta huko Montevideo ukiwa mzima, goti limetulia na Graciela amepona kikohozi chake. Mimi moyo umechoka. Daktari anazungukazunguka, lakini nilifundisha watoto miaka thelathini na minane. Anayekwepa swali namjua.

Farasi bado wanapita dirishani asubuhi kwenda mazoezini, na magari yanawasubiri. Ukungu umeficha kasri tangu Jumapili.

Sasa nisikilize, maana neno hili nimeliahirisha miaka hamsini na mitatu.

Unamkumbuka Brise, yule farasi jike uliyekuwa ukimtunza, asiyekula wala kutulia bila mbuzi wake bandani? Siku mbili kabla Brise hajakimbia mbio kubwa za Diane, mbuzi yule alikula kofia yangu. Nilikuwa nimeishona majira yote ya baridi kwa ajili ya siku ile. Aliniachia utepe tu. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini: "Dada, sasa yeye ndiye atakayependeza uwanjani!"

Ulipokwenda kula, nilifungua mlango kwa hasira nikampeleka kwa mkulima mmoja wa Gouvieux. Nilikusudia kumrudisha jioni. Jioni nikakuta amekata kamba, amepotelea msituni.

Ulimtafuta siku zote mbili, nami nikajifanya kukusaidia. Brise hakugusa shayiri. Jumapili alifika uwanjani ametota jasho, akamaliza wa mwisho. Mkufunzi wetu, Bwana Delcourt, alikufokea mbele ya watu: "Mlango ulijifungua wenyewe, mlevi wee?" Hukuwa umeonja hata tone. Nami nilisimama hatua tatu kutoka kwako, kimya.

Nilikuwa mchumba wa mwanawe, nikaogopa kuachwa. Hakuna banda lililokupokea tena. Ukapanda meli mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mimi nikaolewa.

Juzi Jumapili niliwaita wazee wa mabandani waliobaki, wote wanne, nikawaeleza. Firmin alipiga meza: "Miaka yote hii tunamwita Anselme Chupa, kumbe ni wewe, bibi mwalimu!" Akachukua fimbo yake, akatoka bila kuniaga. Wengine walibaki. Sasa wanajua.

Lipo moja nisilolijua. Siku ile, kabla hujainamisha kichwa mbele ya Delcourt, ulinitazama usoni, kisha ukatazama pete yangu ya uchumba. Je, ulijua? Kama ulijua ukaninyamazia ili niolewe, usiniandikie kwamba umenisamehe. Niandikie tu kwamba ulijua. Fanya upesi, Anselme.

Nisalimie Graciela, Inés na mumewe, na yule mjukuu ambaye sijamwona ila pichani. Mungu akupe uzee mwepesi kuliko wangu.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda siku zote bila ujasiri,

Ghislaine