Filamu za Nchi Aliyoenda Mwikali

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua kidogo asubuhi. Nimemaliza kupanda kunde. Nimekunywa chai na kiazi cha jana. Halafu Mwalimu Nzioki akaja na flashi yake, kama kawaida, akaichomeka kwa TV yangu, tukaangalia filamu ya Romania.

Hizi filamu anatuma Mwikali, kitinda mimba wangu. Anatuma kwa simu ya Mwalimu kwa sababu yangu ni ya kubonyeza. Alisema, Baba, ukiona nchi niliyoko roho itatulia. Ni filamu za mambo ya kweli, hakuna mtu anaigiza. Mwalimu anasoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini, ananiambia kwa Kikamba. Alifundisha miaka mingi na bado anasoma polepole. Watu wameshatoka kwa picha na yeye bado anasema walichosema.

Ya leo ilikuwa ya mzee wa huko. Kila siku anaandika kwa kitabu. Ng'ombe amezaa. Theluji imeanguka. Mke ana kikohozi. Basi, hayo tu. Na wakamtengenezea filamu nzima.

Mimi nimechonga vinyago hapa Wamunyu maisha yangu yote. Twiga wangu walipanda ndege kabla mimi sijaona hata uwanja wa ndege. Watalii walikuwa wanawapita wachongaji wengine wote, wanakuja kwangu. Nani ametengeneza filamu yangu? Hakuna. Kwa hivyo nimenunua kitabu. Mwandiko wangu si mzuri kama wake. Mambo yangu ni makubwa kuliko yake.

Jumatano, 5 Novemba

Dubu. Mwalimu alisema jina ndio nikalijua.

Ni mnyama mkubwa, manyoya kama zulia la kanisa. Anaingia kijijini mchana. Anatembea kwa lami kama mtu ametoka kazini. Anafungua pipa la takataka kwa mikono miwili. Mwanamke anaanika nguo hapo karibu na hakimbii, anapiga kelele kidogo tu kama anafukuza kuku.

Mwikali yuko kijiji kama hicho, cha milimani. Anamtunza mama mzee anaitwa Bibi Viorika. Watoto wa huyo Bibi wako Spain, ndio wanamlipa Mwikali. Kila asubuhi Mwikali anaenda dukani kuchukua mkate. Kwa miguu.

Nikiwa kijana nilifukuza fisi kwa tezo ya kuchongea. Watu wa Masii bado wanasimulia. Lakini fisi namjua, najua anafikiria nini. Huyu sijui. Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikuweza kumaliza sahani ya muthokoi. Filamu mbaya. Haina damu, haina kelele, na ni mbaya.

Kijiji. Nyumba nyingi zimefungwa kufuli, vijana wote wameenda Italia na Spain, wamebaki wazee. Mama mmoja anafungua sanduku. Gauni jeusi. Kitambaa cha kichwa. Taulo. Mishumaa. Anakunjua, anakunja, anacheka. Mwalimu akasoma, hizi ndizo nguo atakazozikwa nazo.

Halafu yule mama akatupeleka makaburini. Akasimama kando ya msalaba wa mbao. Umechongwa jina lake. Mwaka aliozaliwa. Halafu mstari mdogo, na baada ya mstari hakuna kitu. Mbao tupu. Na yeye amesimama hapo mzima, anaufuta kwa kitambaa kama anafuta meza.

Nimechonga simba. Nimechonga Yesu, yule mkubwa wa kanisani, mpaka padri akanyamaza. Jina la mtu anayepumua sijawahi kuchonga kwa msalaba, na hakuna fundi Wamunyu angekubali, hata akiwa na njaa. Huku ukimwandalia mtu kaburi na bado anakula, wewe umemwitia kifo. Hata mtoto anajua.

Yale maandishi yalichongwa vizuri. Hiyo nakubali, mimi si mtu wa wivu. Lakini ile sehemu tupu. Inangoja tu. Nimefunga macho na bado naiona.

Jumapili, 9 Novemba

Mwikali alipiga baada ya kanisa. Kabla hata ya salamu nikamuuliza, huyo Bibi Viorika ana msalaba?

Akasema ndiyo. Una hata jina tayari. Kila Jumamosi wanaenda wote wawili kufagia hapo. Anasema kama mtu anaeleza kwenda sokoni. Na Bibi amemwonyesha sanduku, akamwambia hii utanivisha kwanza, hii baadaye. Na siku hizi Bibi anakohoa.

Upande wa Mwala kulikuwa na mama aliajiriwa kumtunza mzee. Mzee alipokufa watu walitafuta aliyemroga, wakauliza swali moja, nani alishika nguo zake mara ya mwisho? Yule mama alitoroka na leso tu aliyokuwa amejifunga. Na alikuwa Mkamba kama wao. Mwikali ni mgeni. Mweusi peke yake kijiji kizima. Anafagia kaburi la mtu aliye hai mbele ya kila mtu, na yule mtu anakohoa. Siku akifa, macho yatageukia nani?

Nikamwambia atoke hiyo nyumba leo.

"Baba, ni desturi yao tu. Wanajiandaa."

"Kujiandaa ni kwa safari ya Nairobi."

"Siwezi kumwacha. Hata jiko hawezi kuwasha."

Nikamwambia, ukiwa bado ndani ya hiyo nyumba usinipigie simu. Nilijua sasa atalia.

"Sawa," akasema. Akakata.

Hakulia. Huyo ni mimi mtupu.

Jumatatu, 10 Novemba

Filamu ya historia. Picha kama zimepigwa kupitia moshi. Watu wamepanga foleni ya mkate kwa baridi. Mwalimu akasoma kwamba siku hizo jirani alikuwa akimsikiliza jirani ukutani na kwenda kumsema kwa serikali. Halafu watu wakajaa mjini. Risasi. Mwisho wakamuua rais wao na mke wake, Krismasi.

Nilimwambia Mwalimu azime.

"Kioko, hayo ni ya zamani. Wakati huo mimi na wewe tulikuwa na meno yote."

Nikamuuliza, wale vijana waliokuwa pale mjini wako wapi leo? Si ndio wazee wa sasa? Si ndio majirani wa Mwikali? Kama hawakumwogopa rais, watamwogopa msichana wa Wamunyu?

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nimemaliza kesi nzima bila shahidi hata mmoja. Akasema nimpigie mtoto nimwombe msamaha. Nikamwambia mimi sijaanza kuomba watoto msamaha na sitaanzia Romania.

Alivyokohoa sikupenda. Siku hizi sipendi mtu akikohoa.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeenda Machakos kwa wakala aliyempeleka Mwikali, nimwambie amtoe hiyo nyumba. Nimevaa koti. Nilipanga maneno yangu vizuri, ya mtu mkubwa.

Ofisi haipo. Mahali ilikuwa sasa wanauza viatu vya mitumba. Msichana wa hapo akaniuliza, "Babu, unatafuta saizi gani?" Nikamwambia natafuta binti yangu. Alinitolea kiti. Sikukaa.

Nilisimama karibu na hospitali nikiangalia watu wanapita. Kila mmoja anajua mtu wake yuko wapi. Mimi ninajua jina la kijiji na siwezi hata kulitamka.

Nimeogopa sana leo. Si hofu ya mnyama. Ni kama ukiwa juu ya mti na usikie tawi likianza kuvunjika.

Jumapili, 16 Novemba

Hakupiga.

Niliweka simu kwa mfuko wa shati hata kanisani. Ilikuwa imewaka. Niliangalia.

Jumatatu, 17 Novemba

Mwalimu alikuja na filamu mpya, wachungaji na kondoo zao wanavuka milima. Ni nzuri, alisema, hakuna mtu anakufa. Nilikataa. Lakini hakuwa na haraka ya kuondoka, na mimi sikuwa na haraka ya kubaki peke yangu, kwa hivyo tuliiangalia.

Wale ni wanaume. Wanalala nje kwa theluji na nguo za ngozi. Mimi pia nililala nje nikitafuta magogo ya muhugu, na sikuwa na nguo ya ngozi.

Halafu kondoo zikapita kando ya makaburi. Mara moja tu. Misalaba mingi. Nikaanza kutafuta upi hauna mwaka wa mwisho. Picha ikapita. Nilimwambia Mwalimu arudishe nyuma. Akarudisha. Haikuonekana vizuri. Nikamwambia tena. Akaniangalia, akachomoa flashi, akaiweka mfukoni.

"Zimetosha, Kioko. Utakuwa mgonjwa."

Kwa mlango akaniuliza kama nimempigia Mwikali. Akasema hata yeye jana alimwandikia salamu na hazijasomwa.

Angenyamaza na hiyo.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepiga. Mimi ndiye nimepiga, naandika ili ijulikane.

Mteja hapatikani.

Nimepiga tena baada ya kulisha mbuzi. Hapatikani. Baada ya chakula. Hapatikani. Yule mwanamke wa kwa simu ana sauti ya kutojali kitu.

Naona picha bila TV. Watu wamejaa uani kwa Bibi Viorika. Wamevaa nyeusi. Mwikali yuko mlangoni, mikono ina unga kwa sababu alikuwa anapika. Wanamuuliza kitu kwa lugha yao na yeye anaangalia midomo yao.

Mimi ndiye nilimwambia asipige. Mtu akikimbia anampigia baba yake. Yeye atampigia nani?

Jumatano, 19 Novemba

Hapatikani. Sijatoka nje. Kunde zimeota na sijaziangalia.

Ijumaa, 21 Novemba

Mwalimu alikuja akikimbia. Mtu wa umri ule. Alikuwa ameinua simu juu kama amebeba yai, nikajua ni habari na nikataka arudi nayo.

Alikuwa ni Mwikali. Uso wake mzima kwa kioo, kofia ya sufu, pua nyekundu.

"Baba. Mbona hukupiga?"

"Nimepiga. Wewe mbona hukupiga?"

"Si ulinikataza?"

Mwalimu aliniachia simu, akaenda akasimama dirishani kama anaangalia mbuzi.

Bibi Viorika amekufa. Jumapili usiku, usingizini. Theluji ilikuwa imeangusha nguzo za umeme, hakuna stima, hakuna simu, kijiji kizima.

Nikamuuliza, walikufanya nini?

Hakuelewa. Nikauliza tena, watu walipokuja walikufanya nini?

Akasema walikuja na mkate na mishumaa. Kengele ililia. Yeye ndiye alifungua sanduku na kumvisha pamoja na majirani wawili, hii kwanza, hii baadaye, alivyoambiwa. Wale mama walimshika mkono mmoja mmoja. Watoto wa Bibi walifika kutoka Spain wamechelewa, na wakamkuta mama yao amelala vizuri, amevaa vizuri, na hawakuwa na la kufanya ila kulia. Makaburini walimsimamisha pamoja na familia. Hakuna aliyemuuliza kitu. "Wangeniuliza nini, Baba?"

Niliketi chini.

Halafu akasema kitu kingine. Ule msalaba ulitakiwa kuandikwa mwaka. Fundi wao wa mbao alishaenda Italia kwa watoto wake. Mwana wa Bibi akaleta kopo la rangi na brashi. Mwikali akamwambia hapana, hiyo itatoka mvua ya kwanza, baba yangu akiona atacheka mpaka aanguke. Wakamtafutia patasi kwa stoo. Ilikuwa butu. Akainoa kwa jiwe. Akachonga yeye.

Huku karakana zetu zina sheria. Mwanamume anachonga, mwanamke anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Mikononi mwa Mwikali sijawahi kuweka patasi. Aliomba, akiwa mdogo, na nilimpa msasa.

"Nani alikufundisha?"

"Baba, miaka yote hiyo nikipiga msasa, unafikiri nilikuwa naangalia wapi?"

Mwalimu alicheka huko dirishani. Alikuwa anasikiliza muda wote.

Anasema harudi sasa. Dada ya Bibi anaishi nyumba ya pili, naye amemwomba amtunze. Niliuliza kama huyo naye ana msalaba. Akasema, "Wako nao wote, Baba." Nikauliza kuhusu dubu. Akasema wamelala mpaka baridi iishe.

Bado naogopa. Naogopa vizuri zaidi.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya kanisa Mwalimu alinionyesha picha. Msalaba una theluji mabegani. Nilimwambia aikuze, akaikuza, nikaangalia namba moja moja bila haraka. Sifuri imekaa sawa. Tano iko sawa. Mbili ya kwanza imelala kidogo kushoto. Ameiacha patasi ifuate nyuzi za mbao, wote huanza hivyo. Mbili ya pili amejirekebisha. Katikati ya kazi, na vidole vya baridi.

Ile sehemu tupu haipo tena.

Mwikali alipiga mchana. Tuliongea juu ya kunde. Namba sikutaja.

Jioni nimeingia karakana. Nimechukua patasi ndogo, ile ya kufanyia macho ya twiga, nikainoa mpaka ikakata unywele. Mpini ulikuwa wa mkono wangu. Nimeupunguza utoshe mkono mdogo kuliko wangu, nikaulainisha kwa msasa, nikaupaka mafuta. Nimeifunga kwa kitambaa, nimeiweka juu ya rafu mahali haishikwi na unyevu.

Mvua imerudi. Kunde zimeota vizuri upande wa chini.